Nyumba Nyeupe za Nédiwa

Nouméa, 6 Juni 1993

Mjomba wangu Téin,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote nyumbani, na kwamba goti lako limekubali baridi ya mwaka huu. Sisi hatujambo. Mwanangu Wilfrid ameng'oka jino la mbele, anatembea mdomo wazi ili kila mtu alione pengo. Magimbi mliyompa dereva wa basi yamefika, ila kikapu kilikuwa chepesi kuliko mlivyosema, na dereva alikuwa na uso wa mtu aliyeshiba.

Kazini nimekabidhiwa ile mashine uliyoiona ulipokuja, uliyosema inafanana na jokofu lililoharibika. Sasa ni yangu. Mawe ya mgodi tunayasaga mpaka yawe unga laini, tunaushindilia unga kwenye kisahani, halafu mashine inaupiga mionzi, ile ile ya eksirei ya hospitali. Mionzi ikigonga unga inaruka pembeni, na kila aina ya jiwe huirusha kwa pembe zake yenyewe, mwaka hadi mwaka hazibadiliki. Kalamu inachora vilele kwenye karatasi. Mimi navilinganisha na kadi zilizo kwenye droo, na nikipata kadi inayolingana nimelijua jina la jiwe. Ni kazi nzuri, mjomba. Mawe hayana uongo.

Juzi nilikuwa na nafasi, nikauweka kwenye kisahani ule udongo mweupe alionipa mama nipake jiko. Nilitaka kujifurahisha tu, nione weupe wa kwetu unachora nini. Nilidhani itatoka chokaa, au talki, ile ya poda ya watoto. Chokaa haipo. Talki ipo kidogo, lakini pembeni yake kuna kilele kirefu ambacho sikukitegemea.

Kwa hiyo nakuuliza. Mama aliuchimba wapi? Ni shimo lile lile la mlimani? Aliuchanganya na kitu? Na kama si usumbufu, naomba apumzike kupaka nyumba kwa muda. Ni mambo ya kazi tu, nataka kuwa na hakika. Jiko sijalipaka bado.

Mpwa wako,
Sidonie


Nédiwa, 2 Julai 1993

Mpwa wangu Sidonie,

Marahaba. Barua yako niliipata Jumapili baada ya ibada. Mchungaji aliitoa mfukoni mbele ya watu, basi kila mmoja akataka kujua umesema nini, na goti langu sasa linajulikana bonde zima. Halijakubali kitu. Tunafyeka mashamba ya viazi vikuu. Mdogo wako Noéla anakusalimu. Mtoto wake ameanza kutambaa na anakula kila anachokuta sakafuni. Mama yako hajambo. Baridi imemshika kifua kidogo, siku hizi anapenda kukaa barazani.

Nilimsomea barua. Alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia, "Hebu mwandikie huyo mtoto. Nimechimba palepale alipochimba mama yangu, na sijachanganya kitu ila maji ya mto. Nimempa udongo apake jiko, yeye kaupeleka kupigwa eksirei! Kwani udongo umevunjika mguu?"

Kuhusu kupumzika, hilo lisubiri. Wazee wa kijiji cha Kèré walikuja na vitambaa vya desturi na viazi vikuu na maneno mazuri, wakaomba mama yako na wanawake wetu wakaipake nyumba yao kubwa kabla ya sikukuu ya viazi vipya. Nimepokea. Unajua Kèré ni kwa wajomba zetu sisi, mimi na mama yako, maana mama yetu alitoka pale. Kwa hiyo hapakuwa na la kufikiri.

Mlete Wilfrid likizo, tumwone hilo pengo.

Mjomba wako,
Téin


Nouméa, 11 Julai 1993

Mjomba,

Shikamoo. Hatujambo. Utanisamehe salamu zangu leo ni fupi.

Udongo nimeusaga tena na kuuweka tena. Halafu nikamwita mkuu wangu, Bwana Lestang, bila kumwambia umetoka wapi. Aliweka kidole kwenye kile kilele kirefu, akafungua droo mwenyewe, akatoa kadi ile ile niliyokuwa nimeitoa mimi. Jiwe linaitwa tremoliti. Ni ndugu wa asbesto.

Anasema tusikimbilie. Jiwe hilo huja kwa sura mbili: mara ni vibonge visivyo na neno, mara ni nyuzi nyembamba kuliko unywele. Mashine yangu inajua jina, sura haiijui. Lakini nikiushindilia unga wetu, kile kilele kinapanda juu kuliko kadi inavyosema, kana kwamba kila kilichomo kimelala upande mmoja. Vibonge havilali hivyo. Nilipomwonyesha aliupeleka udongo Ufaransa ukatazamwe kwa darubini kubwa. Majibu yatachukua muda.

Nyuzi hizo mtu akizivuta haziendi popote. Zinakaa kifuani miaka na miaka, naye hana habari. Naogopa, mjomba. Naomba uwaambie Kèré hapana. Warudishieni vitambaa, semeni mama anaumwa, semeni chochote.

Na niambie kweli: hicho kifua amekuwa nacho tangu lini?

Sidonie


Nédiwa, 29 Agosti 1993

Mpwa wangu,

Marahaba. Sote hatujambo. Mtoto wa Noéla amesimama, ameanguka, amesimama tena. Viazi vya kwanza vimeingia ardhini. Mvua haba.

Nimekaa na barua yako muda mrefu. Kila nilipotaka kujibu nilikuwa na hasira, na si vizuri mtu kumwandikia mpwa wake kwa hasira. Leo bado ninayo, lakini nimechoka kungoja iishe.

Unaniambia niwaambie wajomba zangu hapana. Ulipozaliwa, ni mimi niliyeitwa kukupulizia pumzi masikioni mbele ya ukoo wa baba yako, ili uwe mtu. Siku nikikuomba kitu utanikatalia? Basi na mimi sina mdomo wa kuwakatalia Kèré. Nikirudisha vitambaa vyao nimewaambia wachukue na damu ya mama yangu. Na sisi ndio watu wa udongo huu. Yeyote bondeni akitaka weupe anapita kwangu, anaketi, anasema maneno yake. Ukiniondolea hilo nabaki na goti tu.

Bibi yako alipaka maisha yake yote, akafa mzee hana jino hata moja. Mashine yako inayo kadi yake? Na huyo Bwana Lestang, si ndio haohao walioukwangua mlima wa juu kutafuta nikeli mpaka mto ukawa mwekundu? Vumbi la siku zile halikuwatisha. Leo wanaogopa udongo wa wanawake?

Mama yako anasema usiwatie watu hofu. Shambani haendi tena, lakini huo ni umri.

Mjomba wako,
Téin


Nouméa, 9 Septemba 1993

Mjomba wangu,

Shikamoo. Wilfrid ameota jino jipya. Hiyo ndiyo habari njema niliyonayo.

Mama ana miaka hamsini na mbili. Wewe ni kaka yake, na bado unapanda mlima na goti lako bovu. Usiniandikie umri.

Majibu ya Ufaransa yamekuja. Ni nyuzi.

Sikukusudia kukutukana, wala kuwatukana Kèré. Uliyosema kuhusu wazungu na mlima ni kweli. Lakini jiwe hili hakulileta mzungu, wala mimi. Lilikuwa humo. Nimelipima mara nyingi kuliko ninavyoruhusiwa, kila mara nikitaka liwe chokaa, na kila mara kalamu inapanda palepale. Najiona mjinga, mtu mzima nikiiomba mashine inihurumie.

Kama kuacha hamwezi, basi sikilizeni. Msiuponde mkavu, umwagieni maji kwanza. Ukuta ukibanduka msifagie, futeni kwa kitambaa chenye maji. Watoto wakae mbali. Najua mnavyofagia asubuhi. Najua vumbi linavyosimama kwenye mwanga wa mlango. Nilipokuwa mdogo nililiona zuri sana.

Na mleteni mama mjini. Msingoje viazi, msingoje Kèré.

Sidonie


Nédiwa, 24 Oktoba 1993

Mpwa wangu Sidonie,

Marahaba. Barua hii anakuletea mama yako mwenyewe, imefungwa vizuri kwa gundi asiifungue, ingawa hasomi. Magimbi nimempakatisha yeye, dereva asione kikapu.

Anapumua kama mtu aliyekimbia, hata akiwa ameketi. Nesi wa zahanati alisikiliza kifua, akasema upande mmoja hausikiki kitu. Ilianza Januari. Sikukuandikia kwa kuwa alinikataza, na kwa kuwa sikutaka. Asijue nimekwambia.

Kèré wanangoja. Noéla atawaongoza wanawake badala ya mama yake. Niliwaambia walowanishe udongo kabla ya kuuponda. Walinicheka. "Baba Téin, tangu lini umekuwa mwanamke? Ukilowa kwanza unakuwa tope, haupondeki." Nikawaambia tena. Sijui watafanyaje. Pale wanapoponda mwanamume hakai.

Na wewe, uliyekuwa ukichekecha udongo na mama yako, je, umepigwa picha ya kifua?

Téin


Nouméa, 18 Novemba 1993

Mjomba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa kwenye korido ya hospitali. Magimbi yalifika yote.

Wametoa maji kwenye pafu la mama, yakajaa tena, wakatoa tena. Daktari alimuuliza alifanya kazi mgodi gani. Mama akamwambia, "Mgodi? Mimi hupaka nyumba." Daktari akatabasamu, akaniangalia mimi, akadhani mgonjwa hajaelewa swali. Nikatoa karatasi ya mashine na majibu ya Ufaransa nikaviweka mezani. Hakutabasamu tena. Akaniuliza nyumba ngapi. Nikamwambia bonde zima, na mabonde ya jirani yaliyokuja kuomba.

Baadaye alinitoa nje akanieleza. Jina la ugonjwa sitaliandika, maana barua zangu mnazisoma barazani. Dawa yake hakuna. Ipo ya maumivu.

Niliporudi ndani mama akasema, "Walichokwambia kaa nacho. Niambie tu naondoka lini." Kisha akaniuliza kama ile mashine yangu haiwezi kuona kilichomo kifuani mwake. Nikamwambia haiwezi, inapima unga tu. "Aa," akasema, "basi mimi sijawa unga bado." Akacheka, na kicheko kikamkata pumzi, nikamshika mgongo mpaka ikarudi. Nilitaka kulia, nikaona aibu mbele yake.

Jumamosi namrudisha nyumbani. Tutaonana, lakini najua hatutaongea, kwa hiyo nakuandikia: alale kwenye chumba cha bati cha Noéla, kisichopakwa. Mfanyieni hilo.

Sidonie


Nédiwa, 16 Januari 1994

Mpwa wangu,

Marahaba, na heri ya mwaka mpya kwako na kwa Wilfrid. Mvua imekuja yote kwa pamoja. Viazi vinapanda miti yake.

Ulipomleta ulikaa kwenye mkeka wangu, ukanywa chai yangu, ukaondoka. Ulisema kweli, hatukuongea. Nilikuwa nimekaa karibu na wewe na sikujua pa kuanzia.

Chumba cha bati amekikataa. "Mimi si kuku," amesema. Amerudi nyumbani kwake, ukuta wake mweupe, mlango wake. Ningefanyaje? Kumbeba?

Kèré ilikwisha pakwa. Waliponda mkavu. Nyumba imependeza, watu wanasema bonde halijaona weupe kama ule.

Niliitisha kikao. Niliwaeleza wakubwa kama ulivyonieleza: unga, mionzi, kilele, nyuzi. Walinisikiliza kwa heshima. Kisha mmoja wao, Pwêdi, akauliza, "Sawa, Téin. Tumeshapaka kila nyumba. Tumekulia humo, na watoto wamo. Tukishakubali kwamba ni sumu, tulale wapi leo usiku?" Kikao kikaisha kwa chai.

Hukunijibu kuhusu picha ya kifua.

Téin


Nouméa, 13 Februari 1994

Mjomba wangu,

Shikamoo. Wilfrid ameanza darasa jipya.

Nimeandika serikalini, kwa wakubwa wanaohusika na afya, nikaambatisha karatasi zangu zote. Wamejibu kwamba wamepokea. Nimeandika tena. Wamejibu tena kwamba wamepokea. Kujua najua, mjomba, na hakuna ninachoweza kufanya na ninachokijua. Nakaa mbele ya mashine napima mawe ya watu wengine.

Swali la Pwêdi silijui jibu lake. Nimelifikiria kila siku.

Najua mvua inaubandua ukuta wa mama, na najua itakapofika siku yake Kèré watakuja, maana yeye ni wao, na mtu akifa hurudi kwa wajomba zake. Nakuomba kama mpwa anavyomwomba mjomba: siku hiyo msipake. Mama aondoke na ukuta ulivyo. Mwezi ujao nimepewa likizo, nakuja.

Sidonie


Nédiwa, 20 Machi 1994

Mpwa wangu Sidonie,

Leo sina salamu. Najua redio ilinitangulia. Najua ulipanda basi siku ile ile, ukakuta daraja limekwenda na maji, ukasimama ng'ambo na Wilfrid mpaka giza. Watu waliokuona wameniambia. Mto haukukukatalia wewe peke yako, hata mchungaji wa kule hakuvuka. Tumemzika bila wewe. Nakueleza ilivyokuwa, maana ni haki yako.

Alifariki asubuhi. Kulala alikuwa hawezi tena, nilikuwa nimemketisha, mgongo wake kifuani kwangu. Aliomba hewa. Nikamwambia Noéla afungue mlango, afungue madirisha, aondoe hata pazia. Hewa ilikuwa tele, Sidonie. Ilijaa nyumba nzima na upepo ukapita. Yeye tu ndiye hakuweza kuichukua.

Baada ya kilio wanawake walikusanyika na mawe ya kupondea. Nilijua watakuja. Walisema, "Jémima aliyelipaka bonde lote atolewe kwenye nyumba iliyobanduka? Wajomba wa Kèré wakute ukuta wa tope?" Nikawaomba wakae. Nikawasomea barua zako zote, ya kwanza mpaka ya mwisho, hata pale ulipoandika kwamba zinasomwa barazani. Walilia. Walisema, "Mtoto anasema kweli." Kisha wakasimama, wakashika mawe yao.

Nikafanya jambo ambalo mwanamume wa kwetu hafanyi. Niliwanyang'anya mawe. Niliwaambia mimi ndiye mkubwa wa udongo huu, na siku ya msiba wa mpakaji kuugusa ni mwiko kwa mwanamke na kwa mtoto. Mwiko huo niliubuni palepale, Mungu anisamehe. Walinitazama. Hakuna aliyewahi kuusikia, lakini hakuna aliyethubutu kubisha mbele ya maiti. Niliwapeleka wote ng'ambo ya kijito. Nikafunga kitambaa puani, nikaumwagia udongo maji, nikauponda peke yangu. Wanawake walisema kweli, unakuwa tope. Nikapaka hivyo hivyo. Ukuta umekuwa mabaka mabaka kama ng'ombe.

Ulikuwa umeniomba nisipake, na nimepaka. Nimeweza hilo tu, kuwafukuza wengine.

Kèré walifika, wakautazama ukuta. Walipokea vitambaa, walipokea viazi, walipokea maneno. Dada yangu amerudi kwao kama inavyotakiwa.

Leo, wengine walipokuwa wanafunga mizigo, mzee wao akaniita pembeni. Alitaka kujua mwiko ule umetoka kwa babu yupi, kwa kuwa yeye ni mkubwa kwangu na hajawahi kuusikia. Ningeweza kumdanganya. Ni mjomba wangu, nikashindwa. Nilimweleza yote, unga na mionzi na nyuzi, na kifua cha Jémima.

Kisha akaniuliza, "Na nyumba yetu, mliyotupakia vizuri namna ile, wanamolala wajukuu zangu?"

Wenzake wameondoka, yeye hajaondoka. Amekaa kwenye mkeka wangu, karibu na mimi hivi ninavyoandika, anataka barua hii iende na jibu lirudi. Wewe ndiye mwenye mashine, Sidonie. Nimwambie nini?

Mjomba wako,
Téin